Sketi Iliyopinda Mezani

Jina lake la kuzaliwa lilibaki kwenye kitambulisho tu. Mtaani kote aliitwa Mama Futi, kwa sababu ile futi kamba ya kupimia haikumtoka shingoni. Alikwenda nayo sokoni, alikwenda nayo kliniki, na siku moja alikwenda nayo msibani, akaja kushtuka watu wanamtazama anavyojipangusa machozi na ncha ya sentimita mia moja na hamsini.

Alikuwa fundi cherehani. Chumba chake cha kazi ndicho kilikuwa chumba cha mbele cha nyumba, mlango wake ukifungukia barabarani. Mlikuwa na cherehani mbili, moja ya kukanyaga na moja ya umeme, meza ndefu ya kukatia iliyojaa alama za chaki, na kamba iliyokatiza toka ukuta hadi ukuta kwa ajili ya nguo zilizokamilika. Watu aliwapima kwa macho kabla hata hawajaketi. "Wewe umepungua kiunoni, unaumwa?" angemwambia mtu aliyepita kumsalimu tu, na mara nyingi mtu huyo kweli alikuwa anaumwa.

Mumewe alikuwa fundi bomba, mtu mpole, asiyependa makelele, aliyeamini kwamba ugomvi wowote unaweza kufungwa kama koki. Walijaliwa watoto watatu. Wakubwa wawili walikwisha kujitegemea. Wa mwisho alikuwa msichana wa miaka kumi na mitatu, ambaye nyumbani walimwita Kitinda.

Kitinda alizaliwa nyonga ya kushoto haijakaa mahali pake. Madaktari walimfunga plasta, wakamfungua, wakamfunga tena, na alipokuja kutembea alikuwa na miaka mitatu na mguu mmoja mfupi kuliko mwenzake. Kiatu cha kuongezewa soli kilisaidia kidogo, si sana. Kiuno chake kililala upande wa kushoto, na kila sketi aliyovaa ililala nacho: pindo la kushoto linashuka, la kulia linapanda, zipu inahama kutoka nyuma inakuja kuchungulia ubavuni.

Hapo ndipo mama yake alipotumia akili. Alipima, akafumua, akapima tena, hadi akajua kwamba sketi ya mwanawe inatakiwa upande wa kushoto uwe mfupi kwa sentimita tatu na nusu, ukanda wa kiuno ukatwe kwa mteremko, na marinda ya ubavuni yafungwe kwa mshono wa ndani ili yasiachame. Ukiitandaza sketi ile mezani, ungedhani imekatwa na mlevi. Ukimvalisha Kitinda, pindo lilinyooka kama limepigiwa mstari. Watu walimwona msichana anayechechemea kidogo anapita zake, basi. Hawakuwa na cha kukodolea macho.

Kwa miaka kumi na minane Mama Futi alishonea sare nusu ya watoto wa shule ya pale mtaani. Sketi za kijani zenye marinda manane, kaptula za kijani, mashati meupe yenye mfuko mmoja. Halafu, mwishoni mwa likizo moja, Kitinda akiwa anaingia darasa la saba, ikaja barua.

Barua ilisema kwamba kuanzia muhula ule sare zote zitanunuliwa katika duka la shule. Sare iliyoshonwa mitaani haitapokelewa. Sare ya duka isifanyiwe marekebisho yoyote.

Mama Futi aliisoma mara tatu, akaisoma ya nne kwa sauti.

"'Iliyoshonwa mitaani,'" alimwambia mumewe. "Umesikia? Mitaani! Kama vile naokota vitambaa jalalani."

"Mama Kitinda, nunua tu yaishe."

"Yaishe nini? Hata hayajaanza."

"Ndiyo maana nasema nunua. Yaishe kabla hayajaanza."

Alinunua. Alitaka haki itendeke, na haki kwake ilikuwa kuijaribu nguo kabla ya kuisema. Jioni ile ile Kitinda aliivaa mbele ya kioo kirefu cha chumba cha kazi, kile wanachojitazamia wateja. Kitambaa hakikuwa kibaya. Rangi ilikuwa ileile. Lakini nguo ilikuwa imekatwa kwa ajili ya mtoto ambaye hayupo, mtoto wa kwenye karatasi, mwenye nyonga mbili zilizolingana kama matofali. Kwa Kitinda pindo lilishuka kushoto mpaka karibu na shavu la mguu, kulia likapanda juu ya goti, marinda yakafumbuka kama feni. Alipopiga hatua, sketi nzima iliyumba, na jicho la mtu halikuweza kwenda kwingine kokote.

Kitinda alijitazama. Hakulia. Alisema tu, "Inaonyesha kila kitu," akaenda kubadilisha.

Mama Futi alishika mkasi. Mshono wa saa moja tu, na sketi ile ingekaa sawa. Kisha akakumbuka ule mstari wa mwisho wa barua, akaweka mkasi chini. Wakiikuta imeguswa watasema imeharibiwa. Aliikunja, akairudisha kwenye mfuko wake wa nailoni. Akatandaza kitambaa cha kijani cha kwake mwenyewe mezani, akatia chaki.

"Unafanya nini?" mumewe aliuliza kutoka mlangoni.

"Nashona mitaani."

Jumatatu Kitinda aliondoka nyumbani saa kumi na mbili na nusu akiwa amevaa sketi ya mama yake. Saa mbili kasoro alikuwa amerudi, begi mgongoni.

"Nimerudishwa," alisema. "Mwalimu Rula anakagua lebo. Anageuza ukanda wa kiuno, anatafuta lebo ya duka."

Mwalimu Rula ndiye aliyekuwa mwalimu wa nidhamu. Wanafunzi walimpa jina hilo kwa sababu ya rula ya mbao aliyotembea nayo kwapani. Hakuchapia mtu. Alipimia: urefu wa sketi, upana wa kola, urefu wa nywele. Na tuseme kweli, hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyependa vitu vilingane.

Mama Futi alisimama. Kuna jambo alilolijua mumewe peke yake. Yeye mwenyewe, alipokuwa darasa la sita, alirudishwa nyumbani kwa sababu sketi yake ilikuwa ya buluu lakini si buluu ile iliyotakiwa. Mama yake akaichovya kwenye rangi. Akarudishwa tena, safari hii kwa kuwa imezidi kukolea. Mara ya tatu hakwenda. Alipelekwa kwa shangazi yake, aliyekuwa na cherehani, akajifunza kazi akiwa na miaka kumi na miwili, na shule ikaishia hapo. Hakuwahi kumlaumu mtu kwa sauti. Lakini aliposikia neno "nimerudishwa" kutoka kwenye kinywa cha mwanawe, alitwaa mfuko wake, akafunga mlango wa chumba cha kazi.

"Twende," alisema.

Ofisini kwa Mwalimu Rula palikuwa na meza iliyopangwa hadi kalamu zake zikafuatana kwa urefu. Alimkaribisha kwa heshima. "Karibu, mzazi. Kaa."

"Nimeshakaa sana, mwalimu. Mwanangu kakosa nini?"

"Sare."

"Kavaa sare."

"Kavaa nguo inayofanana na sare. Tafadhali, hebu tuione."

Sketi nyingine ya Kitinda, ya akiba, ilikuwa kwenye mfuko wa mama yake. Mwalimu aliitandaza mezani, akailaza rula upande wa kulia, akasoma. Akailaza upande wa kushoto, akasoma. Akainua macho, na kwa mara ya kwanza alionekana kama mtu aliyeonewa.

"Mzazi, hii nguo imepinda. Pande mbili hazilingani. Tofauti sentimita tatu na nusu. Wewe ni fundi, kweli hukuliona hili?"

"Nimelikata kwa mkono wangu."

"Makusudi?"

"Makusudi. Mezani imepinda. Mwilini imenyooka. Mwite umpime akiwa amevaa."

Kitinda alikuwa kwenye korido, mlango uko wazi. Mwalimu alimtupia jicho, akalirudisha upesi kwenye meza. Alikuwa mtu wa haya. "Mimi sipimi watoto, mzazi. Napima sare. Kanuni inasema sare ya duka, isiyofanyiwa marekebisho. Nikimruhusu mmoja, kesho watakuja wenye sketi za kubana, wenye hariri, wenye vifungo vya dhahabu. Unakumbuka hali ilivyokuwa kabla ya duka."

"Nakumbuka. Zile za kubana sikushona mimi."

"Amevaa ya duka, anaingia. Hajavaa, haingii."

"Basi haingii," alisema Mama Futi. "Lakini na nyumbani harudi."

Kesho yake watu waliopita njia ile waliona kioja. Madarasa ya la saba yalikuwa pembeni kabisa mwa kiwanja, madirisha yakitazama uzio wa waya, na nje ya uzio kulikuwa na njia ya waenda kwa miguu. Mama Futi alikuja na vigoda viwili na kapu la kazi za mkono. Akaviweka njiani, hatua tatu kutoka dirishani. Yeye akaketi akitia vifungo kwenye mashati ya wateja, na Kitinda akaketi ubavuni kwake, daftari magotini, akisikiliza somo.

Mwalimu wa hesabu alikuwa mama wa makamo aliyekaribia kustaafu. Aliingia darasani, akasalimiwa, akageuka kuandika ubaoni. Aliposikia watoto wanacheka chini kwa chini, aligeuka tena, akaona.

"Kitinda, mbona uko huko?"

"Sijaruhusiwa kuingia, mwalimu. Ni sketi."

Mwalimu wa hesabu alitazama sketi. Akamtazama Mama Futi, aliyekuwa anauma uzi kwa meno. Akaenda dirishani, akalisukuma likafunguka mpaka mwisho. "Unaona ubao?"

"Nusu."

"Basi nitaandika upande wa nusu hiyo."

Katikati ya kipindi aliuliza swali la sehemu, darasa zima likanyamaza, na mkono ukanyooshwa kutoka nje ya uzio. "Haya, wewe wa barabarani," mwalimu alisema. Kitinda akajibu, akapata. Darasa likapiga makofi, na muuza magazeti aliyekuwa amesimama kutazama akapiga makofi naye, bila kujua jibu lilikuwa nini.

Siku ya pili ilikuwa hivyohivyo, na ya tatu. Madaftari yaliingia na kutoka kupitia tundu la uzio. Mwalimu Rula alikuja mara mbili kumtaka mwalimu wa hesabu afunge dirisha. Mara ya kwanza alijibiwa kwamba darasani mna joto. Mara ya pili alijibiwa, "Mwalimu mwenzangu, mimi nimebakiza miezi saba nistaafu. Utanifanya nini?"

Nyumbani mambo hayakuwa mepesi hivyo. Mumewe hakulala vizuri. "Mtaa mzima unatusema," alisema.

"Wanasemaje?"

"Wengine wanasema uko sawa. Wengine wanasema umechanganyikiwa."

"Na wewe?"

Alichungulia nje dirishani. "Mimi nasema kesho kuna dalili ya mvua. Chukueni mwavuli ule mkubwa."

Kitinda ndiye aliyekuwa hasemi. Mama yake alidhani ni ushujaa. Alijipa moyo kwamba mtoto ana msimamo kama wake. Hakuona kwamba kila walipoketi pale njiani, Kitinda aliweka begi lake juu ya miguu na kukifunika kile kiatu cha soli nene.

Mvua ilinyesha kweli siku ya nne, na ndiyo iliyomaliza subira ya mwalimu mkuu. Alikuwa mwanamke mtaratibu, mwenye kupima maneno. Alichungulia kutoka ofisini kwake akaona mwavuli mweusi umetanda nje ya uzio, chini yake mtoto anaandika, na ndani mwalimu wa hesabu anasoma maswali kwa kupaza sauti ili ashinde kishindo cha mvua kwenye bati. Aliagiza watoto wa la saba wapeleke taarifa nyumbani: Jumamosi saa nne, kikao cha wazazi.

Wazazi walijaa darasani, wakajibana kwenye madawati ya watoto, magoti yakigonga mbao. Mama Futi aliketi mbele na mumewe. Kitinda aliketi nyuma yao, begi mapajani.

Mwalimu Rula alianza, na alisema vizuri. "Ndugu wazazi, sare ndiyo inayofuta tofauti. Mtoto wa mwenye nacho na mtoto wa asiye nacho, wakisimama mstarini huwezi kuwajua. Mimi nilisoma nikiwa na shati moja lenye kiraka mgongoni. Nilikuwa nakaa dawati la nyuma kabisa ili asiwepo mtu wa kuniona mgongo. Sitaki mtoto wa shule hii akae nyuma kwa sababu ya nguo. Duka moja, nguo moja, wote sawa."

Wengi walipiga makofi. Mama Futi mwenyewe nusura apige.

Alipopewa nafasi, alianza vibaya. Alizungumzia uzi. Alieleza kwamba pindo la nguo za dukani ni jembamba, mtoto akirefuka huna cha kushusha, akainua sketi kuonyesha mshono, akaingia kwenye aina za zipu. Watu wakaanza kutazama saa. Baba mmoja wa dawati la kati akacheka puani.

"Tusizungushane. Mama Futi anatetea biashara yake. Duka limemnyang'anya wateja, basi. Mtoto ni kisingizio."

Darasa liliguna. Mama Futi aliishusha ile sketi, akaikunja. Jibu alikuwa nalo, lakini lilikuwa nyonga ya mwanawe, na hakutaka kuitandaza mbele za watu kama kitambaa.

Mwalimu mkuu aliingilia. "Hatutaki kumuumiza mtu. Mzazi alete barua ya daktari, mtoto tumpe ruhusa maalumu. Avae suruali ya michezo kila siku, kama mgonjwa. Hakuna atakayemuuliza."

"Mwanangu si mgonjwa," alisema Mama Futi. "Na sikuja kuomba huruma. Huruma wapeni wanaoihitaji. Nimeleta sketi ya kijani, marinda manane, chini ya goti. Mmeandika hivyo wenyewe miaka yote. Niambieni ni kipi kati ya hivyo hakipo."

"Lebo," alisema Mwalimu Rula.

"Lebo haivaliwi!"

Watu wakaanza kusema wote kwa pamoja. Katika makelele yale, sauti moja nyembamba ilitoka nyuma.

"Mwalimu mkuu, naomba kusema."

Mama Futi aligeuka. "Kaa chini, mwanangu. Haya ni ya wakubwa."

"Mama, niache."

Hakuwahi kumjibu hivyo tangu azaliwe. Kitinda alipita katikati ya madawati, akichechemea, hadi mbele ya ubao. Akafungua begi. Akatoa mfuko wa nailoni ambao mama yake alidhani uko kabatini, na ndani yake ilikuwa sketi ya duka. Aliivaa juu ya ile aliyokuwa amevaa, kisha akaifungua ya chini akaiteremsha, bila haraka.

"Hii ni ya duka," alisema. Akatembea kutoka ubaoni hadi mlangoni, akageuka, akarudi. Sketi iliyumba, ikashuka huku, ikapanda kule, na wote wakaona kile ambacho mama yake alikuwa akikificha kwa uzi kwa miaka tisa. Hapakuwa na aliyecheka. Yule baba wa dawati la kati alikuwa akitazama mikono yake.

Kitinda akavaa ile ya mama yake, akaivua ya duka, akatembea tena. Mlangoni na kurudi.

"Sare maana yake tufanane," alisema. "Nikivaa ya duka, sifanani na mtu. Nikivaa hii, nafanana na wenzangu. Sasa ipi ni sare?" Kisha akamgeukia mwalimu wa nidhamu. "Mwalimu, wewe unapima. Pima. Lakini nipime nikiwa nimesimama, usiipime mezani."

Mwalimu Rula alitazama kulia na kushoto kama anayetafuta mtu wa kumpokea. Hakupata. Akachomoa rula kwapani, akapiga goti moja chini mbele ya ubao. Alipima kutoka sakafuni hadi kwenye pindo, upande wa kulia. Akahamia wa kushoto. Angeweza kusema lolote, kwani pale chini hakuna aliyeona tarakimu ila yeye. Lakini alikuwa mtu wa vipimo, na vipimo havimruhusu mtu kama yeye kudanganya.

"Thelathini na nne," alisema. Akakohoa. "Na huku thelathini na nne."

Alisimama, akajipangusa goti. "Hata hivyo, kanuni ni kanuni," aliongeza. Ila hakulisema kwa nguvu.

Mwalimu mkuu hakuamua palepale. Alisema kamati itakaa. Lakini alimwambia Kitinda, mbele ya wote, kwamba Jumatatu aingie darasani kwa mlango, akiwa na sketi aliyoivaa. Wiki mbili baadaye barua nyingine ikatoka: duka litabaki, na mzazi atakayetaka kushonesha kwa fundi anaruhusiwa, ilimradi rangi, marinda na urefu vifuate kanuni. Urefu upimwe mwilini. Maneno hayo matatu ya mwisho yalikuwa yameongezwa kwa kalamu, na watu walisema ni mwandiko wa Mwalimu Rula, ingawa yeye hakukiri.

Walipokuwa wanarudi nyumbani Jumamosi ile, mumewe alijaribu kuchangamsha. "Basi mmetoka sare," alisema.

"Sare ya wapi? Tumeshinda moja bila," alijibu Mama Futi, na akacheka kwa mara ya kwanza wiki ile.

Kitinda hakucheka. Alikuwa ametangulia hatua chache. Akasimama, akawangoja.

"Mama."

"Naam, mwanangu."

"Siku nne nimekaa barabarani. Kila mtu alinitazama. Ulisema hutaki nitazamwe, ukaniweka barabarani."

Mama Futi alisimama na kapu lake mkononi.

"Sikukatazi kugombana nao," Kitinda aliendelea. "Ningegombana hata mimi. Ila hukuniuliza. Mwalimu Rula hakuniuliza, mwalimu mkuu hakuniuliza, na wewe hukuniuliza. Mwili ni wangu. Siku nyingine mkitaka kuubishania, mniulize kwanza."

Baba yake alijifanya anatafuta kitu mfukoni. Mama Futi alitaka kumwambia kwamba mtoto hamsemeshi mama yake hivyo. Alitaka kumwambia habari za buluu iliyokuwa si buluu ile, na za shangazi, na za miaka yote ya kufumua na kushona. Hakusema hata kimoja. "Umesikika," alisema, na ndivyo ilivyokuwa, maana neno la mwanawe lilimkaa kuliko barua zote mbili.

Wateja walirudi, tena wa namna mpya. Alikuja mama mwenye kijana mnene ambaye kaptula za duka zilimkaba hadi akawa hachezi mapumzikoni. Alikuja babu mmoja na mjukuu aliyevaa mkanda wa chuma mgongoni. Alikuja msichana mrefu kupita walimu wake. Zamani Mama Futi angemuuliza mzazi maswali yote huku anamzungusha mtoto kama mwanasesere. Sasa alimwambia mzazi akae kwenye benchi, akainama hadi macho yake yakawa sawa na ya mtoto, akauliza, "Wewe mwenyewe unataka ikukae vipi?" Wengine hawakujua la kujibu, kwa kuwa hawakuwahi kuulizwa. Aliwangoja.

Kamati ya shule ilimwendea mwaka uliofuata, ikamwomba awe ndiye anayeshonea duka. Saizi tano, kila saizi nguo mia. Alisema atakubali, ila kila mtoto aje apimwe. Walisema haiwezekani, watoto ni wengi. Alisema basi na kwake haiwezekani, saizi ni chache. Wakanywa chai, wakaagana kwa wema, na jambo hilo halijabadilika hadi leo.

Na Mwalimu Rula? Hakuwahi kumwomba Mama Futi radhi, naye hakuwahi kutaka kuombwa. Wakikutana njiani walisalimiana kwa sauti kubwa kupita kiasi, kama watu wawili wanaofanya mashindano ya adabu.

Kitinda alimaliza la saba, akamaliza na sekondari. Siku aliyofanya mtihani wa mwisho aliingia chumba cha kazi, akavua sketi ya shule, akabaki na kaptula aliyoivaa ndani, akaitupa sketi mezani.

"Mama, marinda basi. Sitaki kuyaona tena maishani. Kuanzia leo nataka suruali."

Mama Futi aliguna. Alikuwa ametumia nusu ya akili zake zote kwenye marinda yale, na ilimuuma kidogo kuyaona yametupwa kama dekio. Suruali kwa nyonga ile ingekuwa kazi nzito maradufu: miguu miwili ya urefu tofauti, kiuno cha mteremko, na mfuko ambao haukubali kulala.

Alivuta kiti, akasogeza chaki.

"Mifuko unataka ya pembeni au ya nyuma?"

"Yote," alisema Kitinda.